Chumba cha kulala si ghala: Kitengeneze kikupe usingizi

MGENI akikaribishwa katika nyumba ya mkazi wa kawaida wa jijini, iwe ni Buruburu, Umoja au Ruaka, ataketi kwenye kochi la bei, miguu ataiweka juu ya zulia jipya na mbele yake ataona televisheni pana kama meza. Vitambaa vya viti vimefuliwa vikapigwa pasi. Kabati la vioo limejaa vikombe ambavyo hutolewa Krismasi pekee.

Lakini mgeni huyo hataonyeshwa chumba anamolala mwenye nyumba, na sababu ipo. Huko ndiko yaliko masanduku ya shule, beseni la nguo chafu, baiskeli ya mtoto iliyovunjika, gunia la mahindi lililoletwa kutoka mashambani na balbu moja inayoning'inia kwa waya.

Kwa maoni yangu, huku ni kupanga mambo kichwa chini miguu juu. Mgeni hukaa sebuleni saa mbili akaenda zake. Wewe na mwenzako mko katika kile chumba kingine kila usiku, mwaka nenda mwaka rudi. Pesa zinazotumiwa kumpendeza mgeni zingefaa kutumiwa kwanza kutengeneza chumba cha kulala na bafu lake, na nasema hivyo kwa sababu ya afya wala si kwa sababu ya urembo.

Madaktari wa usingizi wa Marekani walikubaliana mwaka wa 2015 kwamba mtu mzima anahitaji kulala muda usiopungua saa saba kila usiku. Anayelala chini ya hapo mara kwa mara hujiweka katika hatari zaidi ya kunenepa kupita kiasi, kuugua kisukari, shinikizo la damu, maradhi ya moyo, kiharusi na hata msongo wa mawazo. Ongeza makosa kazini na ajali barabarani. Haya ndiyo magonjwa tunayoyalipia hospitalini kila mwezi, tukilaumu chumvi na mafuta ya kupikia, ilhali hatujauliza mgonjwa analala wapi na analalaje.

Ni kweli kwamba mkazi wa Nairobi anayeamka saa kumi usiku ili awahi matatu na kurejea nyumbani saa tatu usiku hawezi kuongezewa saa na mtu yeyote. Hata hivyo, zile chache alizo nazo zaweza kuwa za usingizi mzito badala ya kugeukageuka hadi alfajiri. Hapo ndipo chumba kinapohusika.

Wauzaji wa nyumba wamelifahamu hilo, ila wamelipotosha. Kila tangazo la nyumba mpya Kilimani, Syokimau au Kiambu Road linajigamba kwamba chumba kikuu kina bafu lake ndani. Mnunuzi hufurahi. Akihamia, hununua kitanda kinachojaza chumba ukuta hadi ukuta, mapazia ya kung'aa, taa za rangi darini na televisheni ya pili. Baada ya kutumia pesa zote hizo, bado hapati usingizi, kwani alichonunua ni sebule nyingine yenye kitanda.

Chumba cha kupumzikia huanza kwa kutoa vitu. Fungua mlango, simama hapo na utazame. Kila kitu kisichohusu kulala, kuvaa au mambo ya mume na mke kitafutiwe mahali pengine. Masanduku yapande juu ya kabati la koridoni, au yaingie chini ya kitanda yakiwa yamefungwa yasikusanye vumbi. Gunia la mahindi liende jikoni. Nguo ambazo hazijavaliwa miaka mitatu zina wenyewe wanaozingoja. Vumbi likipungua, mwenye pumu au mafua yasiyoisha atapata nafuu, maana wadudu wadogo wasioonekana kwa macho hushamiri katika vumbi la nguo, mazulia na magodoro ya zamani.

Televisheni nayo itoke. Najua hapa nimegusa penye kidonda, hasa kwa wapenzi wa kandanda. Lakini mechi inayokwisha saa sita usiku inatazamika vyema sebuleni, na anayetaka kulala akaachwa alale. Simu ndiyo ngumu zaidi. Ichajiwe mbali na kitanda, na anayeitumia kama saa ya kumwamsha anunue saa ya mezani, ambayo haigharimu kitu.

Nikiwa hapo, naomba pia tuache kujadili karo, kodi na madeni tukiwa tumelala. Mazungumzo hayo yana mahali pake, napo ni mezani baada ya chakula, taa zikiwaka. Sijui ni nani aliyetufunza kwamba saa tano usiku ndiyo saa nzuri ya kuulizana pesa zilikwenda wapi.

Baada ya kutoa, tazama mwanga. Mwili una saa yake ya ndani, na wanasayansi watatu wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walituzwa Nobel mwaka wa 2017 kwa kueleza jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya chembechembe za mwili. Giza linapoingia, ubongo hutoa homoni ya melatonini inayouambia mwili kwamba usiku umefika. Mwanga mkali, hasa ule mweupe unaoelekea samawati, huizuia homoni hiyo. Sasa fikiria chumba chenye balbu nyeupe ya kumulika kama kibanda cha askari, na nje kuna taa ya usalama ya jirani inayopenya dirishani hadi asubuhi.

Dawa yake si ghali. Balbu ibadilishwe iwe ya mwanga wa manjano, na iliyo kando ya kitanda iwe hafifu. Dirishani, pazia jepesi la maua liongezewe bitana nzito ya rangi ya kiza. Kitambaa cha namna hiyo hupatikana Eastleigh, na Gikomba utapata mapazia ya mitumba mazito kuliko mengi yauzwayo madukani. Hakikisha yamepita kingo za dirisha pande zote mbili, maana mwanga hupenyea pembeni. Rangi ya ukuta achagua mwenyewe apendayo. Mimi ningepaka ya krimu au ya kijani kilichopauka, isiyong'aa, lakini sijaona mtu aliyekosa usingizi kwa sababu ya rangi.

Kelele ni balaa kubwa zaidi. Kanuni za kudhibiti kelele zilizotolewa mwaka wa 2009 chini ya sheria ya mazingira zinasema kwamba katika sehemu za makazi, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, sauti isizidi desibeli 35. Hicho ni kiasi cha watu wanaonong'ona. Anayeishi karibu na kilabu, kituo cha matatu au mkesha wenye vipaza sauti vinne atacheka akisoma hesabu hiyo. Katiba ya 2010 iliwapa serikali za kaunti jukumu la kudhibiti kelele, kwa hivyo malalamiko yaandikwe, yatiwe sahihi na majirani wengi na yapelekwe huko pamoja na kwa NEMA. Barua ya mtu mmoja hupotea kwa urahisi. Ya ploti nzima haipotei upesi.

Kabla ya jibu kuja, hamisha kitanda. Watu wengi huweka kichwa cha kitanda kwenye ukuta unaopakana na ngazi au na sebule ya jirani kwa sababu fundi alitia soketi upande huo. Kipeleke ukuta mwingine, kisha kwenye ule wa kelele usimamishe kabati la nguo. Kabati lililojaa nguo humeza sauti nyingi. Mlango wenye mwanya chini uzibwe kwa kitambaa kilichokunjwa.

Lakini usizibe kila tundu. Kila mwaka baridi ya Juni na Julai inapobisha Nairobi, Limuru na Nyahururu, tunasikia habari za watu walioingiza jiko la makaa chumbani, wakafunga madirisha, na asubuhi mlango ukavunjwa na majirani. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi. Anayeivuta usingizini haamki kukohoa. Hupitiliza tu. Kwa hiyo hakuna jiko la makaa chumbani, hata likiwa limebaki majivu mekundu, hata kwa dakika kumi za kupasha joto. Blanketi la pili, soksi na chupa ya maji moto iliyofungwa vizuri vinatosha. Zile tundu za hewa zilizo juu ya dirisha, ambazo wengi huzijaza magazeti, ziachwe wazi na ziwekwe wavu wa mbu.

Sasa twende bafuni, maana ndiko wajenzi wetu walikoharibu zaidi.

Wapo wanaodhani kuwa bafu lililounganishwa na chumba cha kulala ni ustaarabu tulioletewa na Wazungu. Hao hawajafika Lamu. Katika nyumba za mawe za mji huo zilizojengwa karne ya 18, chumba cha ndani kabisa, ambacho wenyewe hukiita ndani, kilipakana na choo chake na mahali pa kuogea. Kuta nene za matumbawe zilizuia joto na kelele za mtaa. Vyumba vilikuwa virefu na vyembamba kwa sababu upana ulitegemea urefu wa boriti za mikoko. Ukutani kulikuwa na zidaka, vile vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu kwa safu, na vitu vichache vizuri viliwekwa humo. Bibi na bwana wa nyumba walikuwa na mahali pa kujitenga na shughuli za ua na za wageni. Anayetaka kuona kwa macho yake atembelee Makavazi ya Nyumba ya Waswahili mjini humo.

Kilichonivutia zaidi katika nyumba hizo ni birika. Maji ya kuoga yalihifadhiwa katika birika la kujengwa, mtu akachota kwa kata, na humo birikani waliwekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Chini kabisa palipachikwa bakuli la kauri, ili maji yakipungua samaki wawe na mahali pa kubakia. Wazee hao hawakuwa na darubini, lakini walijua kwamba maji yaliyosimama ndani ya nyumba ni lazima yalindwe.

Sisi tumesahau. Mgao wa maji umekuwa jambo la kawaida jijini, na kila bafu lina pipa na mitungi, mara nyingi bila vifuniko, hatua chache kutoka kitandani. Mbu aina ya Aedes hupenda kutaga katika maji masafi ya namna hiyo, naye huuma mchana. Mwaka wa 2004, Lamu hiyo hiyo ilikumbwa na mlipuko wa homa ya chikungunya wakati wa ukame, na maji yaliyohifadhiwa majumbani muda mrefu yakawa mazalio ya mbu. Uchunguzi wa damu ulionyesha kuwa takriban robo tatu ya wakazi walikuwa wameambukizwa. Mombasa nayo ilipata homa ya dengi mwaka wa 2013, kisha chikungunya mwishoni mwa 2017 hadi 2018. Hivyo basi, pipa la bafuni lifunikwe kabisa, na angalau mara moja kwa wiki limwagwe na kusuguliwa kuta zake, kwani mayai ya mbu hugandia hapo.

Dosari kubwa ya bafu nyingi mpya ni kukosa dirisha. Mwenye ploti hubana chumba kimoja zaidi katika kila ghorofa, na bafu linasukumwa katikati ambako hakuna hewa wala jua. Baada ya miezi sita, dari ina madoa meusi, mapazia ya bafu yananuka, na ukungu umeanza kupenya ukutani hadi nyuma ya kabati la nguo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na ukungu majumbani mwaka wa 2009, likaeleza kwamba wanaoishi katika nyumba za namna hiyo hukabiliwa zaidi na matatizo ya kupumua na pumu. Mtoto anakohoa, mama anabadilisha dawa za kikohozi kila wiki, na hakuna anayetazama juu kwenye dari.

Kupaka rangi juu ya ukungu ni kazi bure, utarudi. Kwanza tafuta maji yanatoka wapi. Yaweza kuwa bomba linalovuja ndani ya ukuta, au simiti kati ya vigae iliyokatika, au paa. Likisharekebishwa, itiwe feni ya kufyonza hewa inayotoa mvuke nje ya jengo, si kuumwaga darini kama mafundi wengine wafanyavyo. Kisha kila mtu akimaliza kuoga apanguse kuta na sakafu, na taulo zianikwe nje. Mlango wa bafu unaoelekea chumbani ufungwe mtu anapooga, vinginevyo mvuke wote unakwenda kwenye godoro.

Wakati wa kusafisha, kuna jambo moja la hatari ambalo ni lazima nilitaje. Jik isichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye asidi. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na katika bafu lisilo na dirisha gesi hiyo yaweza kukuangusha papo hapo.

Umeme ni suala jingine. Shawa za kuchemsha maji papo hapo zimejaa nyumba zetu, na si chache ambazo zimefungwa bila waya wa kupeleka umeme ardhini. Watu wamezoea kurushwa kidogo wanapogusa mfereji, wanacheka na kuvaa sapatu za mpira. Si jambo la kuchekesha. Kabla hujanunua kioo chenye taa au sinki la kisasa, mwite fundi mwenye leseni ya EPRA akague nyaya na aweke kifaa cha kukata umeme mara hitilafu inapotokea. Swichi ya shawa iwe mbali na maji.

Mfumo ukiwa salama, maji moto yenyewe ni dawa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas huko Austin walipitia tafiti nyingi na mwaka wa 2019 wakaeleza kwamba kuoga kwa maji ya nyuzi kati ya 40 na 42.5 kwa muda wa dakika kumi tu, saa moja au mbili kabla ya kulala, humsaidia mtu kushikwa na usingizi mapema zaidi. Joto huvuta damu kwenye mikono na miguu, mwili ukapoa upesi baadaye, na kupoa huko ndiko kunakoleta usingizi. Kwa hivyo anayeoga asubuhi pekee kwa kukimbilia kazini anapoteza faida ambayo tayari ameilipia.

Kama nyumba ina mzee, au wewe mwenyewe unaelekea huko, acha vigae vinavyong'aa kama kioo. Chagua vya kukwaruza, weka mkeka wa mpira, na kando ya choo na shawa pachika chuma cha kushikia, kilichokazwa ukutani kwa skrubu wala si kwa gundi. Taa ndogo hafifu iachwe njiani kutoka kitandani hadi chooni. Wazee wengi huvunjika nyonga katika safari hiyo fupi ya usiku, na wengine hawasimami tena.

Nimesikia hoja kwamba haya yote ni ya wenye nafasi, na kwamba aliye na chumba kimoja Kayole au Kawangware hana chumba kikuu wala bafu la ndani. Hoja hiyo ina uzito, lakini nusu tu. Pazia zito linaweza kugawa chumba kimoja, kitanda kikawa upande wa giza na jiko likawa karibu na mlango. Kufunika mtungi, kuhamisha kitanda na kuacha tundu la hewa wazi hakuhitaji hati ya nyumba. Lililo nje ya uwezo wa mpangaji ni dirisha la bafu na nyaya zilizo ndani ya ukuta, na hapo ndipo wenye ploti wanapopaswa kubanwa. Kanuni mpya za ujenzi zilitolewa mwaka wa 2024 kuchukua mahali pa zile za 1968. Tunataka kuwaona wakaguzi wa kaunti wakiingia bafuni kabla ya jengo kupewa kibali cha kukaliwa watu, badala ya kuhesabu ghorofa wakiwa ndani ya gari.

Kwa mwenye pesa kidogo mwezi huu, ningemshauri aanze na fundi wa umeme, afuate fundi wa mabomba, kisha anunue bitana ya pazia. Godoro lije baadaye, likiwa gumu kiasi cha kutobonyea katikati. Kochi la sebuleni linaweza kungoja hadi Krismasi ya mwaka ujao.